Kichwa cha Ukurasa wa Pili

Jumatatu, 6 Oktoba 2014

Mambo yameiva. Tangu tarehe mosi taasisi yetu ya hisabati imeunganishwa na wale jamaa wa takwimu wa ghorofa ya chini, na jina jipya lina mistari mitatu. Mitatu! Profesa Kronsbein, mama mkurugenzi wetu, ametuita baada ya kahawa ya saa nne. Anataka kiolezo kipya cha barua na vichwa vipya vya kurasa kabla ya Ijumaa. Vyote kwa LaTeX, si kwa ile programu inayotumiwa na ofisi nyingine. Sisi ni watu wa hisabati: barua tunaiandika kwa amri, mashine ndiyo inayopanga ukurasa.

Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Akasema vizuri sana, Bwana Ziesenitz, utaifanya pamoja na Bwana Wübbena. Saidianeni.

Wübbena! Miezi saba tu tangu aje. Mtu wa pwani ya kaskazini, mrefu kama nguzo ya umeme, hasemi mpaka aulizwe, na tayari ana ajira ya kudumu. Mimi nina miaka kumi na minne hapa, kwa mikataba ya miaka miwili miwili. Huu wa sasa unakwisha tarehe 31 Desemba, na sheria hairuhusu mwingine. Ama chuo kiniajiri moja kwa moja, ama nikae nyumbani nipogoe waridi za Wiltrud, mke wangu, ambaye hataki ziguswe.

Na chumba namba 214 kiko wazi. Madirisha mawili!

Mpango: kiolezo kisichoweza kuendeshwa na mtu mwingine. Bila Ziesenitz, hakuna barua. Bila barua, hakuna taasisi. Watanifukuzaje?

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Ni furaha, nadhani.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku ya ushindi mpaka saa tano.

Nimezipa amri zangu zote majina ya uyoga. Mtu mwingine angeita amri ya tarehe "tarehe". Yangu inaitwa Mguu-Mnene. Jina la mtumaji ni Tarumbeta. Anwani ni Masikio. Kichwa cha kurasa za ndani, kuanzia ule wa pili, ni Kofia-Nyekundu. Wübbena hajawahi kuokota uyoga maishani mwake, kwao ni matope na kondoo tu. Hataambulia kitu.

Alikuja kuomba kuliona faili. Kwa upole, mikono mfukoni. Nikamwambia bado halijatulia, ila angenisaidia sana akienda kupima bahasha. Akaenda! Nilicheka mpaka kikombe kikatikisika.

Saa tano nikachapisha barua ya kwanza. Mahali pa jina la mtumaji pametokea "7 Oktoba 2014". Mahali pa tarehe pametokea "Prof. Dkt. Adelheid Kronsbein". Nimechanganya Tarumbeta na Mguu-Mnene. Nikarekebisha. Mashine ikagoma: kuna mabano hayajafungwa. Mabano yapi? Saa tatu nzima nayatafuta. Nimelazimika kuandika orodha ya uyoga kwenye karatasi na kuificha ndani ya kiatu.

Wübbena kaleta keki ya plamu aliyooka mwenyewe. Nimekula vipande vitatu, ili asidhani namwogopa.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku mbaya. Mbaya sana.

Bi Lüttich, katibu muhtasi wetu kwa miaka thelathini na mmoja, alikuja mezani kwangu na barua yangu ya majaribio ndani ya bahasha. Bahasha za hapa zina kidirisha cha plastiki. Anwani iliyo kwenye barua inatakiwa kuonekana hapo. Kwenye kidirisha palisomeka: "Kwa masikitiko makubwa".

Akaniuliza tarishi apeleke wapi. Nikamweleza kwamba jina jipya lina mistari mitatu na limeisukuma anwani kutoka mahali pake. Akasema yeye hajali jina, hajali uzuri, hajali hisabati. "Nataka dirishani ionekane anwani, Bwana Ziesenitz. Basi. Hata mjukuu wangu anaelewa."

Kisha mkutano wa saa nane. Profesa akawatangazia wote, watu wa takwimu wakiwemo, kwamba kiolezo kipya kinakuja, kazi ya "Tjark na mwenzake".

Tjark ni Wübbena. Mwenzake ni mimi. MWENZAKE!

Nilirudi mezani. Ilibaki kujaza Kofia-Nyekundu, yaani maneno ya juu kwenye ukurasa wa pili na kuendelea. Ilipaswa kuwa jina la mtumaji kushoto, namba ya ukurasa katikati, jina la taasisi kulia. Nikaandika kushoto: "Kronsbein husema". Kulia: "Ziesenitz hutenda". Nikachapisha nakala moja ya kurasa mbili. Lo, ilivyopendeza! Herufi ndogo, safi, zimenyooka. Niliitazama kwa muda mrefu, moyo ukatulia kabisa, kisha nikaitafuna na kuimeza. Sitaki kuacha ushahidi kwenye kapu la takataka.

Kesho nitaweka alama ya asilimia mbele ya mstari ule. Ukiweka asilimia, mashine inaupuuza mstari wote. Kazi ya sekunde moja.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepima kwa rula tangu saa mbili asubuhi. Milimita kwenda juu, milimita kurudi chini. Kila nikichapisha, kidirisha kinaonyesha kitu kingine: mara "Kwa masikitiko", mara simu ya Profesa, mara moja nusu ya nembo, kama jicho linalochungulia. Karatasi arobaini. Shati limelowa. Bi Lüttich alipita mara mbili akiguna.

Saa tisa Wübbena akasimama nyuma yangu. Akasema, taratibu, kwamba vipimo vya bahasha za nchi hii vimo tayari ndani ya kifurushi cha barua cha LaTeX yenyewe. Unataja tu aina ya bahasha juu ya faili, neno moja, na anwani inakaa penyewe, hata alama za kukunjia karatasi zinajipanga.

Nikasema najua, nilikuwa nahakikisha tu.

Alipoondoka nikaliandika neno hilo. Anwani ikatua dirishani kama ndege kwenye kiota. Nikakimbia kwa Bi Lüttich. Akageuza bahasha huku na huku, akaitikisa, akaigonga mezani ili karatasi ihame. Anwani haikutoka. Akasema, "Haya. Leo umekuwa mtu."

Nikamkabidhi Profesa faili saa kumi na dakika hamsini. Sikumtaja Wübbena. Sikupata nafasi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Furaha iliyoje! Profesa ameniita ofisini na kufunga mlango. Leo anaandika kwa Baraza la Ajira la chuo, kuomba nafasi ya kudumu ya msimamizi wa nyaraka, na jina analopendekeza ni langu. Langu! Akasema kiolezo kimemfungua macho, na ataandika kwa kirefu, si nusu ukurasa kama desturi yake.

Nikamshukuru. Nilitaka kumbusu mkono nikajizuia. Saa saba alikuwa ameshatia sahihi, anawahi treni ya kwenda Hannover. Bi Lüttich kaiona barua ikitoka. Kanishika bega na kusema hajawahi kuona barua ya kurasa tatu ikiandikwa kwa ajili ya mtu aliye hai.

Kurasa tatu! Nimemnunulia Wiltrud maua. Ameuliza nimevunja nini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwisha.

Tulikuwa msituni tangu asubuhi, mimi na Wiltrud na vikapu vyetu. Mvua ya juzi imefanya kazi nzuri, uyoga umejaa chini ya misonobari. Nilikuwa naimba. Nikainama kuondoa majani, na pale chini, mwekundu, wenye madoa meupe, wa sumu, umesimama peke yake kama mtu anayenisubiri: kofia nyekundu.

Kofia-Nyekundu.

Sikuweka asilimia.

Niliketi palepale kwenye matope. Barua zangu zote za majaribio za Alhamisi zilikuwa za ukurasa mmoja, na ukurasa wa kwanza hauna kichwa kile. Kinaanza ukurasa wa pili. Na barua ya Profesa ina kurasa tatu. Kwa hiyo kimechapwa mara mbili! Mara mbili, juu ya sahihi yake, kwenye barua inayokwenda Baraza la Ajira kuniombea mimi kazi: "Kronsbein husema. Ziesenitz hutenda."

Wiltrud alidhani nimekula kitu kibichi. Akanifungua kinywa. Nikamweleza yote. Akauchomoa uyoga wangu mzuri wa kula kutoka mkononi mwangu, akautia kikapuni kwake.

"Volkmar," akasema, "Jumatatu asubuhi unakwenda kwa yule mama Profesa, unamwambia mwenyewe. Yaishe."

Nikasema nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria. Nitaiiba barua.

Jumatatu, 13 Oktoba

Jana sikula. Leo nilikuwa mlangoni saa kumi na mbili na nusu, kabla hata ya mfagizi.

Mpango wa kwanza: nikamwambia Bi Lüttich kwamba nimegundua anwani imepotoka milimita mbili, hivyo barua zote za Ijumaa zirudishwe kwangu, ni hatari. Akavaa miwani. Akatoa rula. Akapima barua nne moja baada ya nyingine, bila haraka, huku mimi nikihesabu mapigo ya moyo. Zote zimenyooka. Alaaniwe Wübbena na neno lake moja!

Nikauliza, kama mtu asiyejali, ile ya Baraza iko wapi.

"Imekwenda Ijumaa ileile. Niliikunja mwenyewe, kwenye alama zako." Akaniangalia juu ya miwani. "Mbona umekuwa kijivu?"

Mpango wa pili: nikakimbia hadi jengo la utawala, dakika kumi na moja, mvua inanyesha. Nikajitambulisha kama mkaguzi wa alama za kukunjia. Karani wa pale akaniuliza kitambulisho cha ukaguzi. Nikampa kadi yangu ya maktaba. Akanirudishia kwa vidole viwili, akasema barua zimeshagawiwa kwa wajumbe wote tisa, nakala kwa nakala.

Tisa!

Mpango wa tatu. Huu sijivunii sana, lakini mtu akizama hachagui gogo. Nikafungua faili kwenye mashine kuu ya taasisi, analolisoma Profesa pia, na kusahihisha Kofia-Nyekundu iwe kama ilivyotakiwa. Kisha, juu kabisa, nikaandika: "Vichwa vya kurasa vimetengenezwa na T. Wübena."

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa. Ni yeye. Kaniletea chai nzito ya kwao, na sukari ya mawe inayolia ikikutana na chai moto. Akasema naonekana sina afya. Nikaficha skrini kwa kiwiliwili changu chote. Nikainywa chai. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniumiza.

Jumanne, 14 Oktoba

Hakuna kilichotokea. Hii ni mbaya kuliko kutokea.

Simu ya Bi Lüttich imelia mara kumi na tisa. Kila ikilia nasimama. Kila nikisimama Wübbena ananitazama. Profesa amerudi kutoka Hannover, amepita ukumbini, amesema "Habari za mchana" kwa sauti ambayo sikuielewa. Mchana ulikuwa wa kawaida. Kwa nini autaje?

Wiltrud kaniuliza kama nimeshakiri. Nikamwambia Profesa ana shughuli nyingi. Akasema waridi zake nisizikaribie.

Jumatano, 15 Oktoba

Saa tatu na robo. Ametuita wote wawili.

Juu ya meza palikuwa na barua, imefunguliwa ukurasa wa pili. Nikashika kabati la mafaili. Profesa hakutukaribisha viti. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma hukumu.

"'Kronsbein husema. Ziesenitz hutenda.' Nani kaandika huu upuuzi juu ya sahihi yangu?"

Nje mtu alikuwa anapuliza majani kwa mashine. Nilifungua kinywa. Nakiri hapa kwamba nilikifungua. Kisha nikakifunga.

Akageuza skrini yake. "Ndani ya faili pameandikwa jina lako, Bwana Wübbena."

Wübbena akainama kusoma. Akasoma kwa muda mrefu kuliko mstari wenyewe ulivyostahili. Kisha akanitazama. Mimi nikatazama zulia. Lina vijistari vya buluu, sikuwahi kuviona.

"Ni mimi, Profesa," akasema. "Nilikuwa najaribu, nikasahau kufuta. Samahani sana."

"Na kwa nini jina lake yeye?"

"Kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anafanya kazi. Sijawahi kuona mtu anapima bahasha saa saba mfululizo."

Profesa akavua miwani. Nikaona mabega yake yanatikisika. Anacheka! Akasema mwenyekiti wa Baraza alimpigia simu jana jioni. Miaka ishirini anasoma barua za mapendekezo, na hajawahi kuona mkurugenzi anayejishusha namna hiyo ili mfanyakazi wake aonekane, tena kila ukurasa. Wajumbe wote tisa wamekubali. Nafasi imepitishwa.

"Kwa hiyo nimeaibishwa na nimeshinda, vyote kwa barua moja," akasema. "Bwana Ziesenitz, kuanzia Januari una ajira ya kudumu. Na wewe, Bwana Wübbena, mtu anayemsifu mwenzake hata akiwa peke yake na mashine ndiye ninayemtaka aongoze kitengo cha nyaraka. Chukua chumba 214. Ila ukirudia tena, utapangia barua nyumbani kwenu na kondoo."

Ukumbini nilimshika Wübbena mkono wa sweta. Nikamuuliza kwa nini.

Akainua mabega. "Mkataba wako ulikuwa unaisha, Volkmar. Mimi wangenifanya nini? Wangeninunia wiki mbili." Akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Lakini siku nyingine ukitaka kulitumia jina langu, liandike sawasawa. Lina b mbili."

Nilikwenda chooni nikajifungia. Macho yalikuwa yanawasha. Vumbi la karatasi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wiltrud amelia kwa furaha, kisha akaniuliza nimemshukuruje yule kijana. Nikasema nilimshika sweta. Akaniambia nimpelekee mtungi wa uyoga wetu wa siki, na nimwambie Profesa ukweli.

Mtungi nimepeleka.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimefikiri kwa utulivu kwa siku kumi na moja, na sasa naona wazi. Nani ana chumba 214? Wübbena. Nani ni mkuu wa kitengo? Wübbena. Nani ni naibu wake, dirisha moja, linaloangalia maegesho ya baiskeli? Mimi! Mtu hapati vyote hivyo kwa wema. Alipanga! Ile keki ya plamu, ile chai, lile neno moja la bahasha. Nilikuwa mtoto mchanga mikononi mwa fundi.

Lakini amekosea. Leo kanijia akiwa mwekundu masikioni. Anaoa mwezi Mei, mchumba wake ni daktari wa mifugo huko kwao. Wageni mia moja na ishirini, Profesa na mkuu wa chuo wamo. Anaomba nimpangie kadi za mwaliko na mpango wa meza, kwa LaTeX, kwa sababu hakuna anayefanya kwa uzuri kama mimi. Nikasema kwa moyo mkunjufu, ndugu yangu, kwa moyo mkunjufu.

Nimeshaanza. Meza kuu ina viti nane. Baba wa bibi harusi nimemhamishia meza ya kumi na tatu, karibu na jiko, ni mzee, atapenda joto. Kwenye nafasi yake, katikati ya Profesa na mkuu wa chuo, atakaa mtu mmoja mwenye mazungumzo mazuri kuhusu nyaraka. Saa nne nzima nitakuwa nao, hawana pa kukimbilia, mpaka keki ikatwe!

Bi Lüttich kaniletea karatasi nzito za kadi kutoka stoo yake ya siri. Kauliza kama nataka mtu wa pili apitie kabla sijapeleka kiwanda cha uchapaji, maana zikichapwa zimechapwa.

Nikamshukuru. Nikamwambia zimeshakwenda, na nikaufunika mpango wa meza kwa karatasi zake.